Dirisha linalotazama boti au chumba cha ndani? Maswali yenu kuhusu vyumba vya kruzi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo lilelile. Watu wanataka kwenda kruzi, yaani safari ya kitalii ya meli, hela ya chumba chenye balkoni haipo, wamebakiwa na vyumba viwili vya bei ya chini: cha ndani kisicho na dirisha kabisa, na kile chenye dirisha ila mbele yake kuna kitu kimeziba, mara nyingi boti ya uokozi. Kwa wageni wa safu hii, mi nilikuwa stiwadi wa vyumba kwenye meli za kitalii miaka sita, natandika vitanda asubuhi, jioni narudi tena, vyumba vya kila aina nimeingia, na mwenyewe nililala miaka yote hiyo deki za chini za wafanyakazi ambako dirisha halipo. Kwahiyo ninayoyasema hapa nimeyaona na mengine nimeyalala.

SWALI: Asalaam aleykum kaka. Mimi mtu wa Tanga naishi Minneapolis mwaka wa kumi na moja sasa. Mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa sita inshallah, ana miaka 68, nimepania nimpeleke kruzi ya Alaska kutoka Seattle, siku 7, tunapita Juneau, Skagway, Ketchikan, Glacier Bay halafu tunarudi kupitia Victoria ya Canada. Bajeti ndo inanibana. Chumba cha ndani dola 799 kwa kichwa, chenye dirisha lenye kizuizi 899, balkoni inaanzia 1,399 hiyo nishaikatia tamaa. Agenti ananiambia dirisha lililozibwa ni kutupa hela, utalipa uangalie ubavu wa boti wiki nzima. Shoga yangu anasema mama mtu mzima ukimuweka chumba cha giza siku saba atachanganyikiwa. Mama anaamka alfajiri kuswali, magoti yanamsumbua, na boti ya Pemba ilishawahi kumlewesha vibaya mpaka leo anaisimulia. Nichukue kipi? – Binti wa Tanga, Minneapolis

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu, na mama mfikishie shikamoo. Chukua chenye dirisha. Lakini si chochote watakachokupa, na hapo ndo kazi ilipo, kwa sababu agenti wako na shoga yako wote wana haki ila kila mmoja anaongelea chumba tofauti.

Nianze na giza. Giza la chumba cha ndani mtu halijui mpaka alale humo. Si kama usiku umeme umekatika Tanga, pale bado kuna nyota, kuna taa ya jirani, kuna jogoo na adhana vinakwambia saa. Kwenye chumba cha ndani ukizima taa mkono wako mwenyewe huuoni, na saa nane usiku na saa nane mchana zinafanana. Kuna mzee mmoja nilikuwa nahudumia chumba chake, nikamkuta saa tisa usiku koridoni kavaa suti na viatu vimefungwa kamba, anauliza chai inanywewa deki gani, na alikuwa mtu mwenye akili timamu kabisa, aliamka tu akaona taa ya koridoni inawaka akajua kumekucha. Nilimrudisha nikakaa naye mpaka akavua viatu. Kuanzia siku ile kila mgeni mtu mzima wa chumba cha ndani nilikuwa namuwekea tv kwenye ile chaneli ya kamera ya mbele ya meli, sauti naizima, basi skrini inakuwa nyeusi usiku na kukipambazuka inaanza kuwa kijivu, halafu nyeupe. Inasaidia sana. Ila mama anayeamka alfajiri kuswali, aliyezoea kufungua dirisha na kuangalia mbingu ndo ajue wakati umefikia wapi, huyo mwanga wa kweli ni haki yake, na kwako ni tofauti ya dola 200 kwa watu wawili, usiku 7, haifiki hata dola 29 kwa usiku mmoja kwa nyie wote.

Sasa hilo dirisha. Wanaposema kizuizi wanachanganya vyumba ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna ambacho dirisha liko sawasawa na tumbo la boti, ukifungua pazia unaona plastiki ya rangi ya chungwa kutoka kona hadi kona, mwanga unaoingia ni wa chungwachungwa hivi na bahari huioni mpaka uinamishe shingo. Hicho ndo alichokiona agenti wako. Kuna kilichopo deki moja juu ya boti, unaangalia mapaa yake kwa chini na mbele yake bahari na milima yote unaiona vizuri, hicho nakipenda kuliko vyote kwa bei yake. Kuna kilicho katikati ya boti mbili, pale penye uwazi, unaona bahari kama kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Na kuna kile ambacho kizuizi chake ni nguzo tu ya chuma au mkono wa winchi inayoshushia boti, wageni wengine walikuwa wananiuliza kizuizi chenyewe kiko wapi. Vyote hivyo vinne unaweza ukauziwa bei moja au zinazokaribiana sana.

Kwahiyo usilipie aina ya chumba, lipia namba ya chumba. Mwambie agenti akupe ramani ya deki za meli hiyohiyo mnayopanda, boti zimechorwa ubavuni, unaona chumba gani kiko nyuma ya boti na kipi kiko kwenye uwazi. Halafu chukua jina la meli na namba ya chumba utafute kwenye YouTube, watu wanarekodi vyumba vyao kuanzia mlangoni mpaka kwenye pazia, mara nyingi utapata chumba hichohicho au cha jirani.

Kuna jambo moja ambalo maagenti hawalisemi na kwa mama yako ni kubwa kuliko boti. Meli nyingi zina njia ya kutembea nje, inazunguka meli, na baadhi ya madirisha yenye kizuizi yanatazama njia hiyo. Mchana kioo kimepakwa kitu, mtu wa nje anajiona mwenyewe kama kwenye kioo cha saluni, wewe wa ndani unamuona. Usiku inageuka. Nje giza, ndani taa inawaka, anayepita anaona kila kitu, na watu wanatembea hapo mpaka saa sita usiku na wengine alfajiri wanakimbia mazoezi. Mama aliyevua ushungi na kulegea kitandani asije akaishi na pazia limefungwa wiki nzima, maana hapo mtakuwa mmenunua dirisha mkaishi chumba cha ndani. Uliza kabisa, je nje ya dirisha hili kuna watu wanapita? Jibu likiwa ndiyo kiache, hata kama bahari inaonekana vizuri.

Pia mabaharia wanazikagua zile boti. Meli ikiwa bandarini wanaziosha, wanazipaka rangi, wanazishusha majini wakati wa mazoezi, na zile zinazotumika kupeleka abiria nchi kavu pale ambapo meli haikufunga gatini zinaanza kushushwa asubuhi mapema, winchi inalia kama trekta. Nilishaitwa na mama mmoja anapiga kelele kumbe kafungua pazia kakutana uso kwa uso na baharia mwenye ovaroli anaosha boti. Mwambie mama mapema asije akashtuka.

Kuhusu Alaska yenyewe, mwezi wa sita jua kule halina usingizi. Pale Juneau mwishoni mwa mwezi wa sita linatoka kabla ya saa kumi alfajiri na linazama baada ya saa nne usiku, na hata likizama giza lenyewe halikolei. Ndo maana wapo wanaochukua chumba cha ndani makusudi ili walale. Mapazia ya melini ni mazito lakini pembeni yanapitisha mwanga, beba vibanio vya nguo viwili vitatu ufunge pale yanapokutana. Na kwa swala hapo kuna kitu cha kushughulikia kabla ya safari, kwa vile usiku haukolei programu za simu zinatoa nyakati za alfajiri na isha zinazopishana sana, nyingine hazitoi kabisa, kwahiyo muulize sheikh wenu hapo Minneapolis mnafuata makadirio yapi, mama aje na karatasi yake imeandikwa. Dira ya simu nayo usiiamini ukiwa chumbani, kuta zote ni chuma. Lakini hili litamfurahisha mama: kutoka Tanga kibla iko karibu kaskazini kabisa, na kutoka Juneau pia iko karibu kaskazini kabisa. Meli ikielekea kaskazini ni upande wa omo, yaani mbele ya meli, ikielekea kusini ni upande wa tezi, yaani nyuma, na kwenye tv kuna chaneli ya ramani inayoonesha meli imeelekea wapi. Basi anageuza tu mswala.

Kulewa bahari. Hapa una bahati, boti za uokozi zimepangwa sehemu ya katikati ya meli na hazikai juu sana, na hapohapo katikati na chini ndo meli inayumba kidogo kuliko omo au tezi, kwahiyo chumba chenye kizuizi mara nyingi kiko mahali pazuri kwa mtu kama mama. Mkishaingia kwenye njia za katikati ya visiwa na milima huko Alaska bahari inatulia kama ziwa. Panapoyumba ni kule mnapotoka Seattle, meli nyingi zinapita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, bahari kuu ile, na mnaporudi. Siku hizo asikae chumbani na dirisha la nusu, boti ikiziba upeo wa bahari macho hayapati pa kushika, mpandishe juu hewani atazame mbali. Dawa ya kulewa aulizie kwa daktari kabla hajaondoka Tanga, hasa kama anameza za presha.

Magoti: meli hizi zinakaribia mita 300, ukipewa chumba cha mwisho kabisa na chakula kiko upande wa pili mama atatembea kama anakwenda sokoni kila mlo. Katikati karibu na lifti, ila si mlango unaotazama lifti kwa sababu ya kelele. Angalia na kilicho juu yako kwenye ramani, juu pawe na vyumba vingine, pasiwe na jiko wala ukumbi wa muziki.

Balkoni usiilaumu nafsi yako kwa kuikosa. Siku ya Glacier Bay hakuna anayekaa chumbani. Meli za kruzi zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku, walinzi wa hifadhi wanapanda melini wanaelezea kwa spika, na kapteni akifika mbele ya Margerie, ule ukuta wa barafu wenye upana wa kama kilomita moja na nusu, anaizungusha meli taratibu ili pande zote mbili zione. Mtafutie mama kiti juu deki ya mbele au kwenye ukumbi wa vioo, mfunike blanketi, upepo wa barafu ile ni mkali kuliko Lushoto ya mwezi wa saba. Barafu ikimeguka mnaona kwanza inaanguka, mlio unafika baadae kama radi. Ile dola 1,000 ya balkoni kwa nyie wawili, sehemu yake nunua koti zuri la mama na boti ya kwenda kuangalia nyangumi Juneau, na weka pembeni bakshishi ya kila siku, kampuni nyingi kubwa zinakata kama dola 16 mpaka 20 kwa kichwa kwa vyumba hivi na bei uliyotajiwa huwa haijaijumuisha.

Hukuuliza ila lazima niseme. Victoria ni Canada, na inawekwa kwenye ratiba kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli ya bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Mama mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza ya Canada, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atazuiliwa gatini Seattle siku yenyewe. Anza na hilo kabla hujalipa hata senti.

Na ikiwa vyumba vilivyobaki ni vile vya tumbo la boti au vinavyotazama njia ya watu tu, basi agenti atakuwa amesema kweli. Chukua cha ndani, katikati, karibu na lifti, washa chaneli ya kamera, beba taa ndogo ya kuchomeka ukutani, na kila asubuhi kabla ya chai mpandishe mama juu akaone mchana.

SWALI: Kaka habari za siku. Nafanya kazi Dubai, mke wangu anakuja kutoka Mombasa mwezi wa kumi na mbili, ndo fungate yetu iliyochelewa mwaka mzima. Kuna kruzi ya Ghuba ya siku 7, Dubai, Abu Dhabi, Sir Bani Yas, Doha. Cha ndani naweza kulipa bila kukopa. Chenye dirisha lenye boti mbele itabidi niongezee za rafiki. Naona aibu kumpeleka mke wangu chumba kisicho na dirisha. – Kijana wa Kisauni, Dubai

JIBU: Hongera sana, na usikope ndugu yangu. Jibu lako ni tofauti kabisa na la dada wa Minneapolis na sababu ni jua. Mwezi wa kumi na mbili Ghuba jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na meli za kule mara nyingi mchana ziko bandarini, zinatembea usiku. Yaani muda mwingi ambao mtakuwa chumbani na meli inakwenda, dirishani ni giza, na mchana nyie mko Corniche ya Doha au ufukweni Sir Bani Yas mmelala kwenye mchanga. Dirisha lililozibwa kwenye safari ya namna hiyo ungelipia ili uone boti ya rangi ya chungwa imewashiwa taa.

Na aibu iondoe. Kitanda ni kilekile, shuka zilezile, choo kilekile, chakula mnakula meza moja na waliolipa mara tatu. Chumba kitakuwa kidogo, mita za mraba 14 mpaka 17 hivi, kwahiyo masanduku yaingize chini ya kitanda siku ya kwanza, yanaingia. Kuta ni chuma, nunua sumaku ndogo mtundike picha na ratiba, stiwadi wenu akikuta picha ya harusi ukutani atajua mko fungate na atawafanyia kitu, mi nilikuwa nafanya, taulo nalikunja ndege wawili wanatazamana. Omba kitanda kiwe kimeunganishwa maana mara nyingine wanakuta vimetenganishwa viwili. Ila alfajiri moja muamshe mke wako mapema mpande deki ya juu kabisa kabla watu hawajatoka, mtakuta meli inaingia bandarini, majengo bado yana taa na mbingu inaanza kubadilika, hapo hakuna anayekuuliza umelala chumba gani.

SWALI: Naomba unisaidie haraka. Tuko wanne, mimi, mume wangu na mapacha wa miaka 9. Kuna ofa wanasema unalipia aina ya chumba halafu wao ndo wanachagua namba, bei iko chini sana. Tuchukue viwili kwa mtindo huo, cha ndani kimoja na cha dirisha lenye kizuizi kimoja? – Mama Mapacha, Atlanta

JIBU: Mama mapacha, kwa watoto usichukue hiyo ofa. Ukiwaachia wao wakupangie, wanakupangia kilichobaki, na hakuna anayekuahidi vyumba viwili vitakuwa jirani, mnaweza mkapewa kimoja deki ya nne kingine deki ya tisa kule tezi, na ukishakubali huna pa kulalamikia. Ofa hiyo ni ya mtu mmoja au wawili wasiojali walale wapi.

Ila mchanganyiko uliouwaza ni mzuri na wachache wanaujua. Kwenye korido moja vyumba vya dirisha viko upande mmoja na vya ndani vinatazamana navyo, mlango kwa mlango. Lipia namba zenyewe, watoto walale cha ndani, nyie chenye dirisha mbele yao, hatua tatu tu. Watoto wanalala vizuri mno kwenye giza lile, nilikuwa naingia saa nne asubuhi kutandika bado wamekoroma. Asubuhi wanakuja kwenu kwenye mwanga. Mpangilio wa majina kwenye bukingi kampuni nyingi wanataka mtu mzima mmoja kila chumba, mnaandikwa hivyo halafu kulala mnajua wenyewe.

Na kuna meli ambazo chumba cha ndani si giza tena, ulizia. Disney Dream iliyoanza 2011 ina kidirisha cha duara cha skrini kinachoonesha bahari ya nje muda huohuo na mara wanapita wahusika wa katuni, watoto wanaweza kukaa hapo saa nzima wanawasubiri. Royal Caribbean nao walianza kwenye Navigator of the Seas kuweka skrini kubwa toka sakafuni mpaka juu kama balkoni. Kwa mapacha wa miaka 9 hiyo ni bora kuliko ubavu wa boti.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Unguja, mwanangu wa London anataka kunipeleka kruzi na baba yake. Nakwambia ukweli naogopa. Tangu Spice Islander 2011 sijapanda chombo cha usiku, tulizika watu wa mtaa wetu. Mwanangu anasema tuchukue chumba chenye dirisha linaloangalia boti ya kuokolea ili nijisikie salama. Ni kweli ukiwa karibu na boti ndo unawahi kutoka? – Bibi wa Kikwajuni

JIBU: Marahaba bibi, ila shikamoo ni mimi ndo wa kukupa. Poleni sana. Usiku ule wa Septemba pwani nzima hakuna aliyelala, na hofu yako si ya kuchekwa na mtu yeyote, mwanao asiichukulie kama uoga wa uzee.

Chumba chenye boti mbele hakikufanyi uwahi kutoka. Dirisha lile halifunguki na hakuna abiria anayepitia hapo. Kila mtu anapangiwa kituo chake cha kukusanyika, herufi au namba, na boti yake inatokana na kituo hicho, inaweza kabisa kuwa upande mwingine wa meli. Ila ikiwa kuiona tu boti usiku kunakupa usingizi, basi hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchukua dirisha hilo, mwambie mwanao nimesema mimi.

Nikuelezee zinavyofanya kazi labda moyo utatulia kidogo. Baada ya Titanic kuzama 1912 nchi zilikaa zikaandika mkataba wa usalama wa baharini, wa kwanza ulitoka 1914, na umekuwa ukiboreshwa mpaka leo. Ndo huo unaotaka boti zining'inizwe karibu na maji kadiri inavyowezekana kwa usalama, ndo maana utaziona katikati ya ubavu wa meli na haziko juu paani. Boti moja haizidi watu 150, isipokuwa meli chache kubwa mno zilizoruhusiwa boti kubwa zaidi. Watu wakishakusanyika wamevaa maboya na amri ya kuacha meli ikatoka, zote zinatakiwa ziwe zimeshuka ndani ya dakika 30. Na tangu 2015 abiria wapya lazima waoneshwe zoezi kabla meli haijang'oa nanga au mara inapoondoka. Zoezi hilo bibi usilikwepe, hata kama watu wanakwambia ni kupoteza muda.

Siku mnayoingia, kabla hamjafungua masanduku, tazameni nyuma ya mlango wa chumba. Kuna ramani ndogo ina alama ya mlipo na mshale mwekundu au kijani. Fungueni kabati, maboya yakiwemo myaone, muulizeni stiwadi awaoneshe linavyovaliwa, atafurahi, mi wazee walikuwa wananiomba na nilikuwa nawafunga kamba mwenyewe mpaka waridhike. Halafu wewe na mzee mshikane mikono mtoke mlangoni, tembeeni mpaka ngazi za karibu huku mnahesabu milango kwa mkono, moja, mbili, tatu. Chini ukutani mtaona mstari unaong'aa, huo unawaka hata taa zote zikizimika na unaelekea ngazini. Rudini chumbani mkihesabu tena. Mfanye hivyo mara tatu jioni ileile, na kesho yake mara moja tena kabla ya chai, mkono wako ukiwa ukutani na macho umefumba, mzee akuongoze.